Mmarekani Aliyependa Mambo ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Hanga akitazama vitu vilivyo karibu naye, ataona kwamba vingi havikuanza katika nchi yake. Chai anayokunywa asubuhi asili yake ni mmea wa China. Waingereza waliipenda, wakaifanya kinywaji chao cha kila siku, na kwa mikono yao desturi ya kunywa chai yenye maziwa ikaenea katika Afrika ya Mashariki. Mpira anaoucheza jioni hufuata sheria zilizotungwa London mwaka wa 1863. Hata lugha inayosemwa katika nchi ya Songea ina habari zake. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka wa 1835, wakiongozwa na Zwangendaba. Nao walikuwa wakisema lugha ya jamii ya Kizulu. Lakini wazao wao walipofika katika nchi hii waliishi pamoja na watu waliowakuta, wakaoa kwao, wakalea watoto pamoja nao. Na Kingoni cha leo chafanana zaidi na lugha za watu wale kuliko Kizulu. Walioshinda kwa mkuki walishindwa kwa ulimi.

Basi kupenda na kutwaa mambo ya watu wengine si jambo geni. Lakini hapo huzuka swali ambalo watu wamekuwa wakiulizana tangu zamani. Mtu akipenda sana desturi za taifa jingine, je, amewaacha walio wake? Na upendo wa namna hiyo huleta faida kwa nani? Habari za Wamarekani waliowapenda Waingereza, na hasa mmoja wao aliyekuja kukaa Afrika ya Mashariki, zaweza kutoa jibu.

Kwanza ni lazima kujua jinsi mataifa hayo mawili yalivyotengana. Zamani pwani ya mashariki ya Marekani ilikuwa na makoloni 13 yaliyotawaliwa na mfalme wa Uingereza. Wakazi wake wengi walikuwa wana wa Waingereza, walisema Kiingereza, na sheria zao zilifuata sheria za Uingereza. Hata hivyo hawakukubali kutozwa kodi na bunge lililokuwa mbali, ambalo wao hawakuwa na mjumbe ndani yake. Vita ikaanza mwaka wa 1775. Tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza uhuru wao, na mwaka wa 1783 Uingereza ikaukubali. Wala ugomvi haukuishia hapo. Vita nyingine ilianza mwaka wa 1812, na mwezi wa Agosti 1814 askari wa Kiingereza waliingia Washington, wakaichoma moto nyumba ya Rais.

Mtu angedhani kwamba baada ya mambo hayo Wamarekani wangevichukia vitu vyote vya Kiingereza milele. Haikuwa hivyo. Walikataa kutawaliwa, lakini hawakuitupa lugha. Waliendelea kusoma tamthilia za Shakespeare, na katika mahakama zao waliendelea kutumia kanuni nyingi za sheria ya Kiingereza. Waliona kwamba serikali ya watu ni jambo moja, na hekima ya watu ni jambo jingine. Unaweza kumkataza jirani asitawale nyumba yako, na bado ukaupenda wimbo wake.

Watu wa Songea wanaweza kulielewa jambo hili bila taabu. Katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 wazee wao walipigana na Wajerumani, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa pale Songea. Jambo hilo halikusahauliwa, wala halifai kusahauliwa. Lakini wana na wajukuu wa wale waliopigana walijifunza useremala, uashi na kazi ya kupiga chapa kwa Wajerumani wa Peramiho. Na timu ya mpira ya Songea ilipewa jina la Majimaji: jina la vita iliyopigwa juu ya Wazungu, katika mchezo ulioletwa na Wazungu. Hakuna aliyeona ajabu. Ujuzi hauna kosa la mtawala. Mwenye akili huutwaa, akaufanya wake.

Wamarekani wengine upendo wao ulizidi, hata wakahama. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa vitabu Henry James, aliyezaliwa New York mwaka wa 1843. Alihamia London mwaka wa 1876, akakaa Uingereza karibu siku zote zilizobaki za maisha yake. Hadithi zake nyingi zaeleza habari za Wamarekani wanaokutana na watu wa Ulaya, jinsi wanavyopendana na jinsi wanavyodanganyana. Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914 Uingereza iliingia, lakini Marekani ilikaa kando. James hakuweza kuvumilia kuitwa mgeni katika nchi aliyoipenda wakati ilipokuwa taabuni. Mwezi wa Julai 1915 akawa raia wa Uingereza, na mwezi wa Februari 1916 akafa.

Mwingine alikuwa mshairi T. S. Eliot. Alizaliwa mwaka wa 1888 katika mji wa St. Louis, ulio kando ya mto mkubwa wa Mississippi. Akaenda kukaa Uingereza mwaka wa 1914, na mwaka wa 1927 akawa raia wa huko. Mwaka wa 1948 alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya mashairi na maandiko yake. Alipokufa mwaka wa 1965, majivu yake yaliwekwa katika kanisa la kijiji cha Kiingereza kiitwacho East Coker. Kwa nini pale? Kwa sababu ndicho kijiji walichotoka babu zake walipohamia Marekani katika karne ya 17. Mtu huyo alirudi kulala mahali ambapo wazee wake waliondoka miaka 300 kabla yake.

Hapo mwanafunzi ataona sababu mojawapo ya upendo huo. Nchi ya Marekani, kwa wale waliotoka Ulaya, ilikuwa nchi changa. Miji yao mingi ilikuwa mipya, na watu walihamahama wakitafuta mali. Uingereza waliona makanisa ya mawe yaliyosimama miaka 700 au 800, vyuo vya kale, vijiji visivyobadilika upesi, na watu waliojua makaburi ya babu zao yalipo. Mtu asiye na jambo la kale kwake huona tamu jambo la kale la mwenzake. Tena walipenda adabu ya Kiingereza, yaani kusema kwa upole, kutojisifu mbele za watu, na kuficha machungu moyoni. Lakini mpenzi huona upande mmoja tu. Uingereza ile ile yenye nyumba nzuri ilikuwa na watoto waliofanya kazi ndani ya migodi ya makaa, na maskini wengi waliolala njaa. Mgeni anayekaribishwa sebuleni mara nyingi hapelekwi jikoni.

Katika mji ule ule wa St. Louis, mwaka wa 1872, alizaliwa mtu mwingine ambaye habari zake zafika Afrika ya Mashariki. Jina lake William Northrup McMillan. Yeye hakuwa mshairi wala mwandishi. Alikuwa mwana wa tajiri, na utajiri wa jamaa yake ulitokana na viwanda vya kutengeneza mabehewa ya gari la moshi. Alikuwa mtu mkubwa sana wa mwili, mwenye kupenda safari na kuwinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika katika nchi ambayo leo ni Kenya, wakati huo ikiwa chini ya Waingereza, akapata mashamba makubwa huko Juja na karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, kaskazini mashariki ya Nairobi.

Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika cheo cha Rais wa Marekani mwaka ule ule, alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki, na McMillan akamkaribisha Juja. Basi ilikuwa ajabu kidogo: Mmarekani akimkaribisha Mmarekani mwenzake katika koloni la Waingereza, katika nyumba iliyofuata desturi za mabwana wa Kiingereza. Maana McMillan alikuwa amechagua kuishi kama wao. Aliwinda pamoja nao, akala pamoja nao, na alipokaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya alikaa kama mmoja wao.

Vita Kuu ilipofika alionyesha kwamba upendo wake haukuwa wa mavazi na karamu tu. Aliingia katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha Waingereza kilichofika Mombasa mwaka wa 1915, akawa kapteni. Nchi aliyozaliwa ilikuwa haijaingia vitani. Iliingia mwezi wa Aprili 1917. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo pia mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, Frederick Selous, aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Baadaye mfalme wa Uingereza alimpa McMillan cheo cha heshima, akaitwa Sir Northrup. Hivyo mtu wa St. Louis akapata jina ambalo nchi ya baba zake haina desturi ya kumpa mtu yeyote. Maana Wamarekani walipojitenga na mfalme waliviacha na vyeo vya namna hiyo.

McMillan alifariki mwaka wa 1925. Hakuzikwa Marekani alikozaliwa, wala Uingereza alikokupenda. Alizikwa juu ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji huuita Kilimambogo, na kaburi lake liko pale hata leo. Jambo hili lafaa kufikiriwa. Mtu aliyependa mambo ya Kiingereza kuliko ya kwao aliupenda mlima wa Afrika kuliko yote mawili. Lakini je, aliwapenda pia watu waliokaa chini ya mlima ule?

Jibu la swali hilo lasomwa katika jengo moja la Nairobi. Mjane wake, Lady McMillan, alitaka jina la mumewe lisipotee, naye akajenga maktaba kwa ukumbusho wake. Ilifunguliwa mwaka wa 1931, katikati ya mji, karibu na Msikiti wa Jamia. Ni jengo zuri la mawe, lenye nguzo kubwa mbele na sanamu mbili za simba kando ya ngazi. Ndani yake vikawekwa vitabu vingi. Pengine hakuna zawadi njema kuliko hiyo ambayo mpenda mambo ya Kiingereza angeweza kuupa mji wa Afrika, kwa kuwa lililo bora katika mambo ya Kiingereza limo vitabuni.

Lakini mlango wa maktaba ile haukuwa wazi kwa watu wote. Ilikuwa ya Wazungu tu. Mkikuyu, Mkamba, Mhindi na Mwarabu waliweza kupita barabarani na kuwatazama simba wale wa mawe, lakini hawakuweza kuingia kusoma. Mwafrika aliweza kuwa amejifunza Kiingereza shuleni, akakisoma vizuri kuliko mlowezi asiyependa vitabu, na bado mlowezi aliingia na Mwafrika akabaki nje. McMillan mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, na si haki kumtwika yeye peke yake kosa hilo. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya walowezi wa siku zile katika hoteli, vyama na shule zao. Walakini ilikuwa ndiyo desturi ya watu aliowapenda na kufuata njia zao. Akipenda desturi njema za rafiki pasipo kuzikataa zile mbaya, mtu huzichukua zote pamoja.

Maktaba ilidumu katika hali hiyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya, Halmashauri ya Nairobi iliichukua, ikawa ya watu wote wa mji. Nguzo zilikuwa zile zile, na simba wale wale. Kilichobadilika ni mlango. Tangu hapo watoto wa Nairobi wameketi katika meza zile, wakasoma vitabu ambavyo babu zao hawakuruhusiwa kuvigusa.

Habari ya McMillan yafaa kuwekwa kando ya habari ya mtu mwingine, na majina ya pori moja yataonyesha njia. Selous, yule mwenzake McMillan katika Kikosi cha 25, alipewa ukumbusho: pori kubwa la wanyama likaitwa kwa jina lake, na pori hilo lafika hata katika mkoa wa Ruvuma. Mwaka wa 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa hifadhi ya taifa, ikapewa jina jipya, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hivyo jina la mwindaji wa Kiingereza na jina la kiongozi wa Tanzania sasa yako jirani katika msitu mmoja. Na Nyerere naye alikuwa mtu aliyependa jambo la Kiingereza.

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922. Alisoma Tabora, kisha Makerere, na tangu mwaka wa 1949 hadi 1952 alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti. Aliporudi aliongoza watu wa Tanganyika kudai uhuru kwa Waingereza, nao wakaupata tarehe 9 Desemba 1961. Lakini kama Wamarekani wa zamani, aliikataa serikali ya Waingereza pasipo kukitupa kilicho chema kwao. Alimpenda Shakespeare. Na upendo wake ulifanya kazi ambayo upendo wa McMillan haukuifanya. Katikati ya shughuli nyingi za serikali, alikaa chini akaifasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, tena kwa mashairi. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka wa 1963. Mwaka wa 1969 ikatoka tamthilia ya pili, aliyoiita Mabepari wa Venisi.

Jina hilo la pili lafaa kutazamwa vizuri. Kwa Kiingereza jina la tamthilia hiyo lataja mfanyabiashara mmoja tu wa Venice. Nyerere hakuandika mfanyabiashara, bali aliandika mabepari, neno ambalo Watanzania wa wakati ule walilijua sana, kwa kuwa katika mwaka wa 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limewaonya juu ya watu wanaojitajirisha kwa jasho la wengine. Basi mfasiri hakumwabudu Shakespeare. Alimkaribisha kama mgeni wa heshima, akampa kiti, kisha akamwomba aseme na wenyeji juu ya mambo yanayowahusu.

Tofauti ya watu hawa wawili yaonekana wazi. McMillan aliyapenda mambo ya Kiingereza, akaingia ndani ya nyumba ya Waingereza. Na ukumbusho wake ukawa nyumba ya vitabu iliyofungwa kwa jirani. Nyerere alikipenda kitabu cha Kiingereza, akakitoa nje, akakiweka mikononi mwa mtoto wa shule asiyejua Kiingereza. Mmoja alihamia kwenye chakula. Mwingine alikileta chakula nyumbani. Wazee husema: Kizuri kula na mwenzio.

Wazee husema tena: Mwacha asili ni mtumwa. Wengine hulitumia neno hilo kumkataza kijana asijifunze lolote la kigeni. Lakini maana yake si hiyo. Wangoni walibadili lugha na hawakuwa watumwa. Mtumwa ni yule anayeona haya kwa ajili ya mama yake mbele ya wageni. Anayesema lugha ya kigeni ili jirani asimwelewe. Anayependa adabu za watu wa mbali na kuwakosea adabu watu wa karibu. Mtu wa namna hiyo hata akivaa vizuri na kunena vizuri, amepata ganda la ndizi, na ndizi yenyewe wameila wengine.

Kwa hiyo mwanafunzi asiogope kukipenda kilicho chema kwa Waingereza, kwa Wamarekani, kwa Wajerumani, kwa Waarabu au kwa Wahindi. Asome vitabu vyao na kujifunza kazi zao. Lakini ajiulize mambo matatu. La kwanza: Je, nimeona ubaya wao pia, au nimeona sebule tu? La pili: Je, ninaweza kukisema jambo hili jema kwa lugha ya nyumbani, hata bibi yangu alielewe? La tatu: Je, mlango niliopita mimi, nimeuacha wazi kwa anayenifuata? Akiweza kujibu vema maswali hayo, upendo wake kwa wageni hautakuwa hasara kwa walio wake, bali utakuwa faida yao.

Maswali

1. Kwa nini makoloni 13 ya Marekani yalipigana na Uingereza? Ni mambo gani ya Kiingereza ambayo Wamarekani waliyashika baada ya uhuru?
2. Eleza sababu mbili zilizowafanya Wamarekani wengine wapende kukaa Uingereza.
3. McMillan alionyeshaje kwamba aliwapenda Waingereza?
4. Maktaba ya McMillan ilibadilikaje mwaka wa 1962?
5. Nyerere aliandika neno “mabepari” mahali pa “mfanyabiashara.” Unafikiri alikuwa na kusudi gani?
6. Taja jambo moja la kigeni linalopendwa kijijini kwako. Limewafaidia watu wote, au wachache tu?